Neno la Kulwa

Sie tuliokulia Temeke wakati mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba tulijifunza Kiingereza kama watu wanavyogawana nyama ya kitoweo: kidogo kidogo, kila mtu na finyango lake, na ole wako ulipoteze la kwako. Leo namwona kijana wa miaka kumi na sita anapita na redio yake ya mkononi, suruali imembana kama ngozi ya ngoma, anamwambia "hallo dali", eti mpenzi wake, kila anayekutana naye, hata bibi mzaa mama yake. Namcheka, lakini namcheka kwa upendo. Yeye maneno anayaokota njiani. Sisi tulipewa moja moja, mkononi, na aliyepewa alikuja kuulizwa.

Shule yetu ilikuwa mabanda mawili ya udongo yaliyoezekwa makuti, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi. Mvua ikinyesha darasa zima lilinuka makuti mabichi, jasho la watoto na mihogo ya kuchemsha tuliyoificha chini ya madawati. Msimu wa korosho nusu ya darasa ilikuja na midomo iliyobabuka kwa utomvu, na huko kusoma kwa sauti kulikuwa kilio kitupu. Mapumziko tulicheza rede mpaka mpira wa matambara ukafumuka, halafu wasichana wakaruka kamba na wavulana wakajifanya hawatutazami. Nguo ya shule ilikuwa moja. Ilifuliwa jioni, ikakaushwa usiku kucha jikoni, na asubuhi sote tukanuka moshi, basi hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mwalimu wetu wa darasa la nne, Mwalimu Elia, alikuwa mtu wa bara. Alisomea upadre akaishia njiani. Sababu za kuishia njiani tulizisikia tatu tofauti, na zote zilikuwa na mwanamke ndani yake. Huko kwenye upadre ndiko alikookota Kilatini, na Kilatini kilimpa namna ya kufundisha ambayo sijaiona tena kwa mwalimu mwingine.

Maneno, alisema, yana ukoo kama watu. Ukishamjua babu, wajukuu hawakusumbui. Muhula ule babu alikuwa neno la Kilatini, jungo, yaani "naunga", ambalo alilitamka amefumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. Akaliandika chini kabisa ya ubao, na kutoka pale akachora matawi kwenda juu: join, adjoin, junction, joint, conjunction, injunction, na mengine niliyoyasahau. Kisha akatugawia, dawati kwa dawati. Matawi yalipokwisha, watoto wa nyuma wakapewa joined na joining, wakanung'unika kama watu waliopewa utumbo.

Neno ulilopewa ndilo lilikuwa jina lako mpaka muhula uishe. Majina ya wazazi yalikaa kwenye rejista ya serikali. Yeye alikuwa na daftari lake la jalada jekundu, na kila asubuhi aliita kutoka humo. Ukiitwa unasimama, unasema "Prezent, sa," unatoa maana ya neno lako, unakaa.

Mie nilipewa junction, makutano ya njia. Nilirudi nyumbani nimefura kwa furaha. Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Oysterbay, akienda na kurudi kwa baiskeli, na alikijua Kiingereza cha jikoni chote, kuanzia supu hadi pudini. Akanisikiliza, akavua kofia, akajikuna.

"Jankisheni," akasema. "Inapikwaje hiyo?"

"Haipikwi, Baba. Ni mahali njia zinapokutana."

"Mie nimechinja mbuzi wa akika kukupa jina la Mwajuma. Leo mtu wa bara anakuita Jankisheni bila hata kuku."

Lakini haikupita wiki, mama mwenyewe akawa anasimama uani anaita, "We Jankisheni, maji ya kupikia yako wapi?" Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Kiranja wetu, Mikidadi, alipewa injunction, amri ya mahakama, akatembea nayo kama kofia ya polisi. Alikuwa akiamuru hata kuku.

Nimewachelewesha, wenzangu, kwa sababu hapa ndipo napoanza kusita.

Dawati langu tulikaa watatu. Mie nilikaa pembeni, dirishani. Waliobaki walikuwa Kulwa na Doto, mapacha, watoto wa karani wa bandarini aliyehamia kutoka Tabora. Mama yao alibaki huko na wadogo zao, hivyo aliyewalea hapa alikuwa bibi yao mzaa baba, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye Kiswahili chake kilikuja polepole kama kinapita mlango mwembamba. Kulwa alipewa join, kuunga. Doto alipewa adjoin, kupakana. Sidhani Mwalimu alichagua. Yalifuatana ubaoni, nao walifuatana dawatini.

Walifanana mpaka ukakata tamaa. Ukimpa Kulwa kashata, Doto alikuwa tayari amenyoosha mkono, na kama ulikuwa na moja tu bibi yao alikurudishia. "Kwa hawa hakuna moja," alisema. "Ukiwa na moja, kaa nayo." Wenyewe hawakusema "mimi" hata siku moja. Unamuuliza mmoja kama ameshiba, anakujibu, "Sie tumeshiba." Kulwa ndiye aliyeniambia kwamba kwao Tabora ndiko reli zinakoachana, moja inakwenda Mwanza na nyingine Kigoma, na kwamba usiku gari moshi likipiga honi huwezi kujua ni la wanaokuja au la wanaokwenda. Nililipenda neno langu zaidi baada ya kusikia hivyo. Niliota reli kila nilipolala.

Kulwa alikuwa na kifua kibovu. Wiki haikupita bila siku moja ya kulala nyumbani. Na hapa lazima nikiri desturi yetu, ambayo nyote mliosoma nasi mnaijua: mtoto akikosa, jirani yake anamwitikia. Mwalimu Elia alikuwa na macho mabovu na aliita uso umezama daftarini. Kwake yeye sauti ndiyo ilikuwa mtu. Asiyeitika alichapwa akirudi, mgonjwa au mzima, basi tuliitikiana. Doto hakuweza kumwitikia pacha wake kwa sababu neno lake lilifuata palepale, na sauti moja ikitoka mara mbili ingemshtua hata Mwalimu. Kazi hiyo ikawa yangu. Nilijifunza sauti ya Kulwa mpaka nikaijua kuliko yangu: ndogo, imekwama puani kidogo, mwishoni inapanda kama anayeuliza. "Prezent, saa? Kuunga?" Kulwa mwenyewe alikuwa akinisikiliza akacheka mpaka akakohoa.

Alhamisi moja ya masika alikuja shule na homa. Jumapili alizikwa.

Mama aliniambia huku anamenya mihogo, hakunitazama. Tulikwenda matangani na kina mama wa mtaa, nikategemea kilio. Hapakuwa na kilio. Watu walikaa kimya mkekani, na bibi yao alikuwa anapita na kata ya maji kama siku yoyote. Wanawake wa kwetu walitazamana. Kisha alitukusanya sisi watoto wa darasa moja barazani, akakaa chini nasi.

"Kwetu pacha haliliwi," akasema. "Ukimlilia mmoja, wa pili anadhani ni yeye anayeitwa. Nyie ni watoto wa pwani, mna yenu. Lakini mnieleweni. Mpaka zipite siku arobaini, msimwite kwa jina lake. Mkijisahau mkamwita, Mungu atasamehe. Ila asiitike mtu. Aliyekufa akiitikiwa anajua mahali pake bado papo."

Akatutazama mmoja mmoja. "Mmesikia?"

"Ndiyo, Bibi."

Tulitii. Hata kwenye rede, tulipokuwa tunapungukiwa na mtu, hakuna aliyesema jina la Kulwa. Tulilizunguka kama shimo njiani. Lakini lilikuwa jina la Kulwa tulilolikwepa. Hakuna mmoja wetu, wala Mwalimu aliyekwenda mpaka makaburini, wala bibi mwenyewe ambaye hakujua kusoma, aliyekumbuka kwamba marehemu alikuwa na jina la pili kwenye daftari jekundu.

Wiki ile mvua ya masika ilitufungia shule, na Doto alirudi nasi Jumatatu ya pili. Alikaa mahali pake, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mie, jambo ambalo niliona ni la kawaida tu, mazoea. Asubuhi ilikuwa nyeupe, jua limeshapanda, jogoo wa jirani anapita mlangoni. Mwalimu Elia akaingia, akafungua daftari, uso ukazama.

"Join."

Nilimwona Mikidadi, mbele kabisa, mabega yanapanda. Na Mwalimu naye, naamini, alitambua alichokisoma wakati neno limeshatoka.

"Prezent, saa? Kuunga?"

Sauti ilitoka dawatini kwetu. Ndogo, imekwama puani, mwishoni imepanda. Kalamu ya Mwalimu ikaweka alama, kwa mazoea ya mkono, kabla akili haijafika. Kisha akavua miwani. Darasa zima lilikuwa limetugeukia, na hakuna aliyejua amtazame nani, kwa sababu Doto alikuwa amefunga mdomo, na mie nilikuwa nimefunga mdomo.

Nitawaambia ninachojua na ninachojua hakitoshi. Koo langu lilikuwa la moto kidogo, kama la mtu aliyetoka kusema. Nilikuwa nimemwitikia Kulwa mara nyingi kiasi kwamba mdomo wangu haukuhitaji ruhusa yangu. Lakini sikumbuki kuufungua. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka ulimi ukigusa meno, nami sikumbuki.

Doto alitabasamu. Akasogea kidogo upande wa nje wa benchi, taratibu, kama unavyosogea mtu mwingine akikaa.

Tangu siku ile Mwalimu aliliruka neno lile. Alipofika pale alivuta pumzi moja, akaita, "Adjoin," na Doto akasimama, akasema kupakana. Lakini kile kipande cha pumzi kilibaki kila asubuhi, na sote tulikisikiliza.

Na Doto akaanza kula nusu. Akiwa na kiazi, anakikata, anakula kipande, kingine anakiweka juu ya jani upande wa ndani wa benchi. Sisimizi wa shule yetu mnawakumbuka, walikuwa wanafika kabla hujameza. Kipande kile hawakukisogelea. Kilikaa mpaka kengele ikalia, kikakauka pembeni, na Doto akakifunga kwenye kanga akaenda nacho nyumbani.

Kwenye kuruka kamba nilikuwa mmoja wa wazungushaji. Doto aliingia, akaruka upande mmoja wa kamba, si katikati. Mchezaji mwenza wangu, binti mnene aliyekuwa hachoki kucheka, akanyamaza ghafla. Mie nami nilisikia. Miguu ya Doto ilitua, paa, na nyuma yake kidogo, kama mwangwi lakini hapakuwa na ukuta wa kurudisha mwangwi, paa. Jua lilikuwa utosini na vivuli vyetu vilikuwa vidogo vimejikunja miguuni, basi hata kivuli hakikutusaidia kuhesabu. Tuliiachia kamba ikaanguka mchangani. Doto akatugeukia.

"Mbona mmeacha? Sie hatujakosa."

Alikonda. Ilikuwa kama mtu anayechotwa kutoka ndani kwa kijiko. Ilipofika wiki ya nne bibi yake alikuja shule mchana, akasimama nje kwenye jua bila mwavuli, na tulipotoka akatuzuia kwa mkono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani alimwita?"

Mikidadi alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Simtafuti wa kumpiga," akasema. "Nimeshawaambia, aliyeita anasamehewa. Namtaka aliyeitika. Mtoto wangu anakula nusu, analala nusu mkeka, sasa ameanza kunijibu nusu. Aliyeitika amesema yupo. Yeye peke yake ndiye anaweza kusema hayupo, kwa mdomo uleule. Mwingine akisema ni upepo tu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ningeweza kusema. Niliogopa fimbo ya mama, niliogopa kuitwa mchawi mtaani, lakini zaidi niliogopa kitu kingine ambacho sikuwa na maneno ya kukisema nikiwa na miaka kumi na moja: vipi kama nikisema ni mie, kumbe si mie? Mdomo wangu utakuwa upepo, na Doto atakuwa amekwenda.

Bibi akasubiri mpaka jasho likamtiririka shingoni, akaondoka.

Wiki iliyofuata niliugua matumbwitumbwi. Mashavu yalivimba kama nimeficha maembe, nikapakwa masizi, nikafungwa kitambaa kichwani. Siku tano sikutoka. Baba alikuwa anarudi na supu ya kwa Mzungu kwenye mkebe, anasema, "Kunywa, Jankisheni, hii imeungwa kwa nazi na mie mwenyewe." Nilicheka kwa upande mmoja. Lakini kila nilipofumba macho niliona ile nafasi kwenye benchi, na sasa hapakuwa hata na mtu wa kukaa ng'ambo yake.

Niliporudi Jumatatu, benchi lote lilikuwa tupu. Doto ameshindwa kuamka. Na Mikidadi hakuwa kiranja tena. Alikuwa ameomba kuacha, akahamia dawati la nyuma kabisa karibu na mlango. Nilipomuuliza kuna nini alisema, "Niulize kingine." Wengine wakageuza nyuso.

Nilikaa peke yangu mpaka kengele ya mchana. Sikupitia nyumbani.

Bibi alikuwa uani anapepeta mchele kwenye ungo. Aliniona, hakuacha kupepeta. Nikapiga magoti mbele yake, na nilichokuwa nimekipanga njiani chote kikanitoka.

"Bibi, ni mie niliyeitika."

Ungo ukasimama. Punje mbili tatu zilikuwa bado zinaruka.

"Una hakika?"

Nilimtazama, wenzangu, na nikajua kwamba nikisema kweli yote, kwamba sijui, basi pale ndipo mwisho. "Nina hakika," nikasema.

Alinitazama muda mrefu. Nadhani aliona. Mpaka leo nadhani aliona. Akaweka ungo chini, akajipangusa mikono.

"Mlimwita kwa jina gani? Maana Doto anasema si Kulwa mliyemwita."

Nikamweleza habari ya daftari jekundu, babu wa Kilatini na matawi yake. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza daktari. "Na maana yake?"

"Kuunga, Bibi."

"Ehe," akasema. "Nifundishe."

Akarudia neno lile mara nyingi, midomo inalitafuta. Mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu, jua la mchana kichwani, anajifunza Kiingereza cha darasa la nne kutoka kwa mtoto mwenye masizi mashavuni. Alipolipata, akanishika mkono, tukaingia.

Chumba kilikuwa na dirisha dogo na mwanga wa jua ulioangukia mkekani. Doto alikuwa amelala ukingoni kabisa, amejibana, mgongo ukutani. Sehemu kubwa ya mkeka ilikuwa tupu. Ila kitambaa kilichotandikwa pale kilikuwa na mkunjo, mrefu, umelala kama mkunjo wa mtu aliyetoka kuamka. Kulikuwa na harufu ya viazi vilivyokauka. Doto alifungua macho akaniona.

"Jankisheni," akasema. "Karibu. Sie tunaumwa."

Bibi alisimama mlangoni, nyuma yangu. Akakohoa kidogo. Kisha akaita, kwa sauti ya mwalimu, ingawa hakuwahi kumsikia Mwalimu.

"Join."

Kitu kilitulia chumbani. Sijui kilikuwa nini, labda nzi walioacha kuvuma. Nikasikia koo langu linapata moto, na ile sauti ndogo ya puani ikaja mpaka kwenye meno, imejitayarisha, tamu kabisa, inataka kutoka. Nikaisikia. Mara hii niliisikia. Nikaimeza, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, nene, ya mtoto wa mpishi, ambayo haijawahi kumfurahisha mtu.

"Hayupo, Bibi. Kulwa hayupo."

Doto akaketi. Alinitazama kama nimempiga kofi, kisha akatazama mkeka, ule upande mtupu, akaupapasa kwa kiganja mara moja. Ndipo akalia. Hakulia kama mgonjwa. Alilia kwa nguvu, na mdomo wazi, mpaka majirani wakachungulia. Nikamgeukia bibi kwa hofu, kwa sababu pacha haliliwi. Bibi alikuwa ameketi kizingitini, kanga usoni, mabega yanatikisika.

"Lia," akamwambia. "Lia, mjukuu wangu. Nilikosea mie."

Wali wa mchele ule tuliula saa tisa alasiri, sahani moja, watu watatu. Doto alikula kama mtu aliyerudi safari. Bibi akamtilia tena, na tena, na hakuna kilichobakishwa pembeni. Alipomaliza akashusha pumzi akasema, "Nimeshiba." Bibi alisimamisha mkono hewani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo, yeye peke yake.

Doto alipona. Siku hizi anakaa Kinondoni na mumewe, ana watoto watatu, amenenepa na ana cheko linalotangulia mwili wake mlangoni. Nakwenda kwake siku za sikukuu. Mwaka jana tulikuwa tunakuna nazi, tunawasema vijana wa mtaa wake wanaocheza dansi usiku halafu asubuhi hawawezi kubeba hata ndoo, na katikati ya kucheka akaniuliza kitu kwa sauti ya kawaida, kama anaomba kisu.

"Shoga, kwa nini siku ile ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu ilikuwa ni mie."

"Ile Jumatatu, labda. Sikukutazama." Akaendelea kukuna. "Lakini ulipokuwa na matumbwitumbwi, Jumanne Mwalimu alikuwa mgonjwa, akamwachia Mikidadi daftari aite. Mikidadi akasahau kuliruka lile neno. Aliliita."

Nikaacha kukuna.

"Likaitikiwa," Doto akasema. "Na maana ikatolewa. Wewe ulikuwa kwenu."

Nilimuuliza kama ni yeye. Akafikiri kweli, nikaona anafikiri. Alisema hajui, kwamba siku zile hakuwa na mpaka mzuri wa kujua wapi anaishia yeye na wapi anaanza pacha wake. Kisha akaniambia nisijali, mdomo wa nani si kitu, mie ndiye niliyekuja mchana ule nikasema nililosema, na bila hilo yeye asingekaa hata siku mbili zaidi. Akanisogezea nazi nyingine. Hatujalirudia tena.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu kuandikishwa shule kule kule Temeke. Mikorosho imekatwa. Madarasa ni ya matofali, bati linalia kwa joto, na kengele ni kengele kweli, ya shaba. Watoto wana madaftari mapya na viatu, na wanajua maneno ya Kiingereza mengi kwa wiki kuliko sisi kwa mwaka. Niliwaonea fahari, nasema kweli. Mwalimu wao ni kijana, nywele ameziachia mgawanyiko katikati, anaita majina kwenye orodha iliyopigwa chapa, haraka haraka kama mnadani. Nilisimama dirishani nikasikiliza. Wa kwanza asiyekuwepo alipoitwa, hakuna aliyemwitikia. Kijana akaandika, akaendelea. Hakuna mtoto aliyegeuka kutazama benchi la mwenzake, hakuna aliyeficha kicheko, hakuna aliyekuwa na sauti ya mtu mwingine kooni. Nilisikitika, nikajiambia ndivyo ilivyo bora, wamepona na mambo yetu.

Akaitwa wa pili asiyekuwepo. Kimya, kalamu, akaendelea.

Alipoitwa wa tatu, na kimya kikaanza, nilijikuta nimesimama pale kwenye jua la saa sita, mtu mzima, nimeufunika mdomo wangu kwa viganja vyote viwili.